Alhamisi, Usiku wa Manane

Simu ilikuwa imelala juu ya ubao katikati ya nyingine thelathini hivi, kila moja ikiwa na kipande cha katoni kilichofungwa kwa mpira na kuandikwa namba kwa kalamu. Ni kibanda cha kuchaji simu, jirani na stesheni ya Kamina: paneli mbili za jua juu ya bati, betri ya lori chini ya meza, na nyaya zilizosokotana kama mizizi. Watu humwachia kijana simu zao asubuhi wakaenda zao, wakarudi jua likipinda. Simu ninayoisema ilikuwa imekauka hadi tone la mwisho, na ilipoonja umeme ikafumbua jicho. Kioo kikaandika saa: 02:00. Chini yake, kwa Kifaransa, kikaandika siku: Alhamisi, tarehe 1 Januari 1970. Nje jua lilikuwa utosini na vumbi la barabarani linachoma nyayo. Kijana akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Papa, hii imeenda mbali," akasema, akairudisha ubaoni taratibu kama anayemlaza mtoto. Pumzi mbili tatu zikapita, mtandao ukaifikia, na nusu karne na zaidi ikapita ndani ya kioo bila kutoa sauti.

Kilichonishika ni ile mbili. Haikuandika 00:00, iliandika 02:00. Simu ilikuwa imesahau wakati, lakini haikusahau mahali. Ilipopoteza yote, bado ilikumbuka kwamba iko upande huu wa Kongo, ambao saa zake zimetangulia za Greenwich kwa mbili, na si upande wa Kinshasa uliotangulia kwa moja tu. Ingekuwa ya mtu wa Kinshasa, ingeamkia saa saba usiku. Ya hapa iliamkia saa nane, na saa nane ya usiku ndiyo ambayo Kiswahili kimeipa jina lake peke yake: usiku wa manane, wakati ambao mbwa wamenyamaza na anayeonekana njiani ana mgonjwa nyumbani au ana nia mbaya moyoni. Sifuri ambayo mashine nyingi za dunia huanzia kuhesabu, kwa mtu wa Kamina, iko hapohapo, katika manane ya usiku wa kuamkia Alhamisi. Tangu siku ile nimekuwa nikiifikiria Alhamisi hiyo kama mtu anavyofikiria kijiji alichoambiwa kwamba babu yake alitokea huko.

Kompyuta haijui tarehe. Inajua kuhesabu tu, na hesabu ya wakati ndani yake ni namba moja inayokua, sekunde juu ya sekunde. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini lazima mtu aseme kibaba kilikuwa kitupu lini. Kwa mashine zetu nyingi waliosema hivyo ni watu wachache katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie wakiwa miongoni mwao, walipokuwa wakiunda mfumo wa Unix. Mwongozo wao wa kwanza, wa Novemba 1971, haukuhesabu hata sekunde. Ulihesabu sehemu ya sitini ya sekunde, kuanzia tarehe 1 Januari 1971. Kibaba chenyewe kilikuwa cha biti 32, na kwa mwendo huo kingefurika kabla miaka miwili na nusu haijatimia. Basi wakausogeza mwanzo, wakausogeza tena, mpaka wakatulia kwenye sekunde nzima na mwaka 1970, kwa kuwa ulikuwa karibu na ulikuwa namba ya duara. Hakuna nyota iliyoanguka usiku huo. Hakuna mfalme aliyetawazwa. Hata London, ambamo Greenwich yenyewe imo, haikuwa saa sita za usiku wakati huo, maana Waingereza walikuwa katika jaribio lao la kutangulia kwa saa moja mwaka mzima, kuanzia 1968 hadi 1971. Ukutani kwao ilikuwa saa saba. Na Monrovia, ambako saa za Liberia zilibaki nyuma ya Greenwich kwa dakika 44 na sekunde 30 mpaka Januari 1972, ilikuwa bado Jumatano, mwaka uliotangulia, robo saa na nusu dakika baada ya saa tano za usiku. Sifuri hiyo moja haikulala katika siku moja hata Afrika peke yake.

Kiswahili nacho kina mwanzo wake wa hesabu, nao haukutoka maabara. Siku huhesabiwa tangu jua lichomoze; saa moja ni saa moja ya mwanga. Siku njema huonekana asubuhi, na kwa hesabu hii kila siku hupewa asubuhi yake mpya ya kuonekana. Ukitoa saa kwa mtu aliyelelewa hivi, humwambii tu mahali pa mshale, unamwambia mwanga umefika wapi: saa tatu, umande umekauka, saa sita, kivuli kiko miguuni, saa kumi na mbili, wapishi wamewasha moto. Karibu na Ikweta hesabu hiyo inasimama vizuri. Kamina iko karibu na nyuzi tisa kusini, na mchana wake mrefu kuliko yote unauzidi ulio mfupi kwa kama saa moja tu, kwa hiyo mapambazuko hayakimbii mbali na mahali yalipozoeleka. Hata hivyo jua na ukuta havielewani kabisa. Mji uko karibu na nyuzi 25 mashariki, na kila uzi mmoja ni dakika nne, kwa hiyo wakati wa jua lenyewe ni saa moja na dakika arobaini mbele ya Greenwich, lakini sheria imetupa saa mbili kamili. Kwa wastani, basi, jua la Kamina hufika utosini dakika ishirini baada ya saa sita. Dakika ishirini hizo tunazibeba kila siku bila kuzihisi. Ni kodi tunayoilipa ili tuwe pamoja na Lubumbashi, Kigali, Lusaka na Maputo.

Simu yenye menyu za Kiswahili nayo huandika 08:00 pale ambapo mdomo unasema saa mbili. Nimeishi kwa tafsiri hiyo muda mrefu, na bado kuna asubuhi ninapolazimika kumuuliza mtu aliyesomea Kifaransa: saa nane ipi, ya kwako au ya kwangu? Jibu huja kwa kidole kinachoelekezwa juani. Sioni aibu katika swali hilo. Ni watu wawili wanaokiri kwamba wameanza kuhesabu kutoka milango miwili, na wanatafuta ua wa pamoja.

Ndiyo maana nawaheshimu watu wanaokaa kuchagua mwanzo wa hesabu kwa niaba ya wengine. Masimulizi ya Kiislamu yanaeleza kwamba katika ukhalifa wa Umar barua zilikuwa zikifika bila mwaka, na mtu hajui mwezi uliotajwa ni wa mwaka upi. Wakashauriana. Wapo waliotaja kuzaliwa kwa Mtume, wapo waliotaja kupewa utume, wapo waliotaja kufariki kwake. Wakakubaliana juu ya safari ya kutoka Makka kwenda Madina. Walioanza kuhesabu walikuwa tayari kwenye mwaka wa kumi na saba hivi. Hili linanigusa kila ninapolikumbuka: mwanzo hupandwa baadaye, na watu waliogeuka kutazama nyuma, wakiwa na shida ya leo mkononi. Wale wa Unix walikuwa na kibaba kinachofurika, Umar alikuwa na barua zisizo na mwaka. Wote walitafuta mahali pa kuweka mguu.

Na kila lugha ya programu au mfumo wa kompyuta, ikishakua, hufika kwenye baraza hilohilo. Common Lisp iliamua kuhesabu tangu 1900. Mfumo wa Windows hurudi hadi 1601, na Macintosh za zamani zilianzia 1904. Go, ukiipa wakati mtupu usiojazwa, hukuonyesha tarehe moja ya Januari ya mwaka wa kwanza kabisa. Java ilichukua 1970 ya Unix na kuhesabu kwa sehemu ya elfu ya sekunde. Lugha ya C, ambayo nyingi kati ya hizi zimenyonya kwake, ilinyamaza: kanuni zake zinasema kuna namba ya wakati, hazisemi inahesabu tangu lini. C++ ikarithi ukimya huo. Toleo lake la 2011 liliweka saa ya mfumo bila kutaja mwanzo wake, na ni katika toleo la 2020 tu walipoandika wazi kwamba ni 1970, tarehe moja ya Januari, saa sita za usiku kwa wakati wa dunia, sekunde za nyongeza zisihesabiwe. Karibu kila mtu alikuwa akifanya hivyo tayari. Lakini jambo linalofanywa na wote bila kuandikwa ni kama mpaka wa shamba unaojulikana na wazee wawili. Siku wakifariki, watoto watagombana. Mimi naona waliamua vyema. 1970 si mwanzo mtakatifu, wala si mzuri kuliko 1900 au 1601. Ubaya wake unajulikana na wote, na hilo linatosha.

Pengine naliona hivyo kwa sababu naishi njia panda. Reli ya kutoka Lubumbashi hufika Kamina ikapasuka: mkono mmoja unashika Kananga na Ilebo, njia iliyokamilika 1928, mwingine unakwenda Kabalo na kuendelea hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, kipande kilichounganishwa na Kamina mwaka 1956. Katika mji wa namna hii saa si pambo. Treni mbili kwenye reli moja zikiwa na saa mbili tofauti, mtu atakufa. Na msafiri anayekwenda Kinshasa kwa njia ya zamani, treni hadi Ilebo kisha chombo juu ya mto Kasai, huvuka mpaka wa saa akiwa majini. Hakuna kibao wala forodha. Mto unateremka, yeye ameketi juu ya mzigo wake, na mahali fulani kati ya kingo mbili anapewa saa moja aishi mara ya pili. Nani aliipanga? Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakachagua Greenwich kuwa sifuri ya dunia. Waafrika waliohesabiwa kuwa nchi katika chumba hicho walikuwa Liberia peke yao. Novemba ya mwaka huohuo kikafunguliwa kikao cha Berlin. Majuma machache tu yanatenganisha vyumba hivyo viwili, kimoja kikigawa wakati na kingine kikigawa ardhi, na nchi ya Waluba, hii yetu, ilikuwa mezani katika vyote viwili bila kiti.

Wapo watakaoniambia kwamba kilichopita si ndwele. Wakati ndani ya mashine, lakini, haupiti hivyo. Kibaba cha biti 32, kikihesabu sekunde kwa alama za chanya na hasi, kina mdomo wake: 2,147,483,647. Sekunde ya mwisho itakayoingia humo itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa Kamina itakuwa saa kumi na moja na dakika kumi na nne za alfajiri, jogoo wa pili amekwisha wika. Sekunde inayofuata, mashine yoyote ya zamani itakayokuwa haijabadilishwa haitasimama na haitaomba msaada. Itageuka hasi, na hasi hiyo, ukiihesabu nyuma kutoka kwenye ile Alhamisi, inaangukia tarehe 13 Desemba 1901. Kwa saa za huku, kama saa tano kasorobo za usiku.

Nimekaa sana na usiku huo wa 1901. Nchi hii wakati ule ilikuwa mali ya mtu mmoja, Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ikiitwa Dola Huru ya Kongo, na ingebaki mkononi mwake mpaka 1908. Msiri, mfalme wa Garenganze huku Katanga, alikuwa ameuawa miaka kumi kasoro siku saba kabla yake, tarehe 20 Desemba 1891. Reli haikuwepo, wala stesheni, wala kibanda cha kuchaji. Biti hazijui historia. Zinafuata hesabu tu. Lakini zikikosea, zitamrudisha mtu wa hapa kwenye ukurasa huo hasa, bila kumuuliza. Mashine nyingi zimekwisha hamishiwa kwenye biti 64, kibaba ambacho hakitajaa kwa miaka bilioni 292, na huo ni msaada wa kweli uliofanywa na watu wenye subira ambao majina yao hayaimbwi. Ninachohofia ni vifaa vidogo vinavyotufikia huku vikiwa vimechoka: mita, pampu, vidhibiti vya umeme, vitu vinavyofungwa ukutani na kusahauliwa. Vitu vya namna hiyo huishi muda mrefu kwetu kuliko kwa waliovitengeneza. Na nchi yenyewe imebadilisha jina ndani ya kipimo hichohicho kidogo: kwenye sifuri ya 1970 iliitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Oktoba 1971 ikawa Zaire, Mei 1997 ikarudiwa na jina lake. Muda wote huo namba iliendelea kukua, moja baada ya moja.

Chini ya ardhi ya jimbo hili kuna hesabu nyingine. Kando ya ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wachimbuzi wa mambo ya kale waliokuja 1957 walikuta makaburi ya watu waliozikwa na vyungu vyao na shaba yao, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka elfu. Umri wa vitu vya namna hiyo hupimwa kwa kaboni iliyobaki katika mifupa na makaa, na wapimaji huuandika kwa maneno ambayo nilipoyaelewa niliweka kitabu chini: miaka kadhaa "kabla ya sasa". Na sasa yao ina tarehe. Sasa ni 1950. Waliigandisha hapo, na sababu mojawapo ni kwamba majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofuata yalivuruga kaboni ya hewani, hivyo hewa ya baada yake haifai kuwa kipimo. Urani nyingi ya mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga hii hii. Udongo uliofukuliwa kwa mikono ya watu wa huku ulisaidia kuleta kipindi ambacho wanasayansi wa dunia nzima hawawezi kukitumia kama sasa. Wafu wa Sanga wanahesabiwa kutoka ukingo wa kovu hilo.

Waluba walikuwa na namna nyingine ya kushika yaliyopita. Lukasa ni kibao cha mti kinachoenea mkononi, kimebanwa kiunoni kama kinu, juu yake shanga na kauri zimepangwa. Watu wa chama cha Mbudye, waliofunzwa kazi hiyo, walikisoma kwa ncha ya kidole, wakigusa shanga hii, wakisimulia mfalme, wakigusa ile, wakisimulia safari, mto, ugomvi wa mfalme Nkongolo na mgeni aliyekuja akiwinda, Mbidi Kiluwe, na mwanawe Kalala Ilunga. Hakuna sifuri kwenye lukasa. Kidole huanzia pale ambapo swali la siku hiyo linaanzia, na msomaji wa kesho ataanzia kwingine. Sidhani tungeweza kuendeshea treni kwa lukasa. Lakini kila ninaposhika kitabu cha maelekezo ya lugha fulani na kufungua ukurasa wa wakati, nakumbuka kidole hicho, maana ukurasa huo mara nyingi husahau kuuliza: unataka wakati kwa ajili ya nini?

Kiswahili chetu kimeuliza. Shuleni tulichapwa kwa kusema "masaa". Neno ni saa, mwalimu alisema, moja ni saa, mbili ni saa, halichukui ma. Kwa sarufi alikuwa sahihi. Lakini sikiliza barabarani, Dar es Salaam hadi huku Katanga ambako ma- hupenda kujishika penye wingi wowote. Mtu akikwambia "njoo saa mbili", anakupa mahali kwenye siku, umande ukiwa haujakauka. Akikwambia "nimengoja masaa mawili", anakupa urefu, kipande cha maisha yake kilichokatwa, na kipande hicho ni kilekile kikikatwa asubuhi au usiku. Lugha ilikuwa na neno moja la vitu viwili, na midomo ya watu, bila kamati, ikakipatia cha pili umbo lake. Mimi nimeacha kuwasahihisha watoto wangu hapo.

Watunga lugha za programu walichelewa kuliko midomo hiyo. Kwa miaka mingi lugha nyingi zilitoa saa moja tu, ile ya ukutani, na mtu akitaka kujua kazi imechukua muda gani alitazama ukutani mara mbili akatoa. Wakati ni ukuta, wazee walisema, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Lakini saa ya ukutani si ukuta. Inasogezwa. Mtandao huirekebisha, mtu huigusa, na mara chache sekunde nzima huongezwa duniani ili saa za atomu zisiache dunia inayozunguka kwa kusitasita. Ziliongezwa 27 kati ya 1972 na 2016. Unix hujifanya haikuziona, kama mwaka wa Nairuzi wa pwani uliohesabu siku 365 bila mwaka mrefu na kuacha majira yateleze. Ya mwisho iliingia mwaka 2016 ukiisha, na iliingia, kwa Kamina, saa nane ya usiku, katika manane yaleyale. Dakika hiyo programu moja ya kampuni ya Cloudflare, iliyoandikwa kwa Go na kujibu maswali ya majina ya tovuti, ilitazama saa mara mbili ikaona ya pili iko nyuma ya kwanza. Ikapata muda ulio chini ya sifuri, kitu ambacho walioiandika hawakuwahi kudhani, ikaanguka. Agosti 2017 Go ilitoa toleo lake la 1.9, na kuanzia hapo kila unapoiuliza sasa ni saa ngapi, hukupa kimyakimya vitu viwili: mahali ukutani, na hesabu ya saa nyingine isiyorudi nyuma, ambayo haina tarehe, haijui Greenwich wala Kamina, na kazi yake ni kusema tu umbali kati ya jambo na jambo. Java ilikuwa na yake tangu 2004. Ni masaa, hayo. Ni masaa kabisa.

Nayajua haya kwa sababu niliyakosea hapahapa. Kijana wa kibandani aliniomba nimwandikie programu ndogo kwenye tableti yake iliyotumika, ya kuandika simu namba fulani imeingia saa ngapi na imetoka saa ngapi, ili ajue la kumtoza kila mtu. Niliiandika kwa saa ya ukutani. Usiku mmoja tableti ilizimika. Asubuhi ikaamkia Alhamisi ile ya 1970, akapokea simu kadhaa mtandao ukiwa bado, kisha mtandao ukaja. Mchana mama mmoja alifuata simu yake, namba 14. Mashine ikahesabu kwamba imechaji kwa zaidi ya nusu karne, na deni likajaa kioo kizima kwa faranga. Alikuwa msafiri wa kwenda upande wa Kabalo, ameketi stesheni na mabunda yake na mjukuu, akingoja treni ambayo kila siku iliahidiwa kesho. Alikitazama kioo kwa makini, akageuka kwa kijana.

"Mwanangu, kwani nimekaa hapa siku ngapi?"

"Si wewe, mama. Ni mashine."

"Najua ni mashine. Nimekuuliza siku ngapi."

Kijana hakutazama tableti. Alivuta daftari lake kutoka chini ya meza, lililokunjika pembe kwa mafuta ya betri, akafungua ukurasa. Sikuwahi kuliona kabla ya hapo. Pale juu ya kila ukurasa, mahali ambapo mtu huandika tarehe, palikuwa na namba moja tu. Alinieleza baadaye: huanza moja siku treni inapoondoka, kwa kuwa siku hiyo kibanda hubaki kitupu, kisha hupanda kila asubuhi kadiri watu wanavyojaa tena na simu zao zinavyoisha moto. Kwa namba hiyo anajua ataleta betri ya pili au la. Akampa mama jibu lake, siku tano, naye akatikisa kichwa, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa amehesabu mwenyewe, akalipa ya simu moja akaenda.

Jioni niliibadilisha programu. Sasa inapima kwa saa isiyorudi nyuma, na tableti ikizimika katikati inasema wazi kwamba haijui, imuulize mwenye daftari, maana saa hiyo nayo hufa na kuzaliwa upya pamoja na mashine. Nilipita tena kesho yake kuijaribu. Mvua ilikuwa imenyesha, paneli zinang'aa, simu zimepangwa ubaoni mstari kwa mstari. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza na juu ya ukurasa ameandika 6. Namba 14 ilikuwa imerudi ubaoni, inachaji.